Nani Amezima Televisheni?



Hapa Kiuu nyumba nyingi zina televisheni moja tu. Usiku mmoja wa Mei 2005, Milan wakiongoza Liverpool mabao 3 kwa bila kule Istanbul, mama mmoja aliizima wakati wa mapumziko: "Wameshapigwa, tulale." Asubuhi mumewe akasikia redioni kwamba Liverpool walisawazisha, wakashinda kwa penalti. Akalipiza. Kila mkewe alipowasha kipindi chake cha vichekesho, yeye alipiga kelele hadi mwisho. Wiki tatu hawakusemezana, na Misani walikaa mabenchi tofauti.

Paulo aliwaomba Wafilipi wasiangalie mambo yao wenyewe tu. Kitubio hutoa padre. Mimi niliwapa kazi. Baba atazame kipindi chote kimya. Mama aulize jina la mchezaji mmoja. (Mimi mwenyewe simjui hata mmoja.)

Aliuliza mawili.