Mtihani wa Nani?

Januari 1961, katika hospitali ya Msalaba Mwekundu jijini Tokyo, daktari Tomisaku Kawasaki alimpokea mvulana wa miaka minne: homa haishuki, macho mekundu, midomo imekauka na kupasuka. Hakuutambua ugonjwa, na hakujidai kuutambua. Mwaka 1967 alichapisha maelezo ya watoto 50 wa namna hiyo. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 95, na chanzo cha ugonjwa huo kilikuwa bado hakijajulikana.

Madhara yake yanajulikana. Kinga ya mwili huishambulia mishipa ya damu, hasa ile inayoulisha moyo. Bila tiba, karibu robo ya watoto mishipa hiyo hutanuka. Tiba ni aspirini na dripu ya kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya maelfu ya watu wasiomjua mtoto. Wengi hupata nafuu upesi. Lakini mmoja au wawili kati ya kumi, saa 36 baada ya dripu kuisha, bado wanachemka.

Daktari ana pa kwenda: dripu ya pili, steroidi, infliksimabu. Mzazi je? Mtoto wa kitanda cha pili kapona kwa dawa ileile. Mwaka 2008 watafiti wa Japani waliihusisha tofauti katika jeni ya ITPKC na ugonjwa huu, ila hilo hulisogeza swali nyuma hatua moja tu: kwa nini tofauti hiyo imwangukie huyu?

Wageni watamwambia mzazi kwamba ni mtihani. Wa nani? Mtoto wa miaka miwili hana somo alilosomeshwa. Na kama ni wa mama, basi mwili wa mtoto umegeuzwa karatasi ya maswali.

Swali hili ni la kale. Inasimuliwa kwamba mwanazuoni wa Kiislamu al-Ash'ari wa Basra alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i, aliyefundisha kwamba Mungu humtendea kila mja lililo bora kwake: mtoto aliyekufa mdogo alinyimwaje nafasi ya kutenda mema? Akajibiwa kwamba Mungu alijua angekuja kuasi. Basi mwasi aliyeachwa akazeeka, akauliza al-Ash'ari, mbona hakufishwa utotoni? Mwalimu akanyamaza.

Elimu ya itikadi inayosomeshwa Lamu na Zanzibar imefuata zaidi njia ya mwanafunzi huyo: Mungu hadaiwi maelezo. Ni jibu gumu. Ila halimlazimishi mama, dripu ya pili ikiendelea kutiririka, kuiita homa ile heri.