Ushuhuda na Thamani

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Upo mnada unaoitia methali hiyo mashakani. Tarehe 7 Desemba 2024, mjini Dallas, Marekani, jozi ya viatu vyekundu vilivyotumika katika filamu ya The Wizard of Oz (1939) iliuzwa kwa dola milioni 32.5 pamoja na ada. Fundi stadi aweza kushona vingine vifanane navyo kabisa, navyo visipate hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Basi si uzuri uliouzwa, bali ushuhuda kwamba hivi ndivyo vyenyewe.

Hapa Mengo twauona uhalisi wa namna nyingine. Ngoma za Mujaguzo, alama ya ufalme wa Buganda, zikichakaa ngozi huwambwa upya, wala hapana asemaye kuwa zimegeuka bandia. Jeshi lilivamia Lubiri, makao ya Kabaka, Mei 1966; ufalme ukafutwa 1967, ukarudishwa 1993. Mujaguzo ni Mujaguzo kwa sababu wapo waliorithishana wajibu wa kuzitunza na kuzipiga.

Je, ushuhuda wa Mengo waaminika kuliko wa mnadani? Si lazima, binadamu hudanganya popote. Lakini cheti cha mnada kikiwa cha uongo, mnunuzi hupoteza fedha. Mtunza ngoma akisema uongo, watu wote hupotezewa kumbukumbu yao, na hapana fedha ya kuwafidia.

Kwa hiyo tuwafunzapo vijana thamani ya vitu vya kale, swali la kwanza lisiwe bei, bali hili: nani ashuhudia, na akidanganya ataumia nani?