Mjumbe na Mkaguzi

Je, anayepeleka ujumbe ana wajibu wa kuufichua? Swali hili ni la zamani kuliko karatasi, lakini mimi nimelikuta mahali nisipopatarajia, katika programu ndogo ya kompyuta iitwayo cat.

Kazi ya cat, katika mitambo ya Unix, ni kuchukua faili moja au mengi, kuyaunganisha na kuyatoa kama yalivyo. Haiongezi wala haipunguzi. Sasa, msomaji ajue kwamba ndani ya maandishi ya kompyuta zimo alama zisizoonekana. Katika orodha ya ASCII yenye alama 128, alama 33 hazichapiki: moja hurudisha mwandiko mwanzo wa mstari, nyingine huruka nafasi, na ile namba 7 iliwekwa ili kupiga kengele. Wataalamu wa Berkeley, California, waliiongezea cat uwezo mpya. Ukiandika cat -v, yaliyojificha hujitokeza: kengele huonekana kama ^G, na alama ya kurudi mwanzo wa mstari kama ^M.

Mwaka 1983 Rob Pike wa Bell Labs alilipinga jambo hilo katika mkutano wa USENIX, na mwaka uliofuata yeye na Brian Kernighan wakaliandikia makala. Kwa maoni yao, cat ni mpitishaji tu. Akianza kubadilisha anachokipitisha, amekwisha kuacha kazi yake. Anayetaka kuona yaliyofichika apewe chombo chake mbali, nao wakakiita vis. (Wengi hawakuwasikiliza. Hiyo -v ingalipo hadi leo.)

Mimi nawaunga mkono, maana kufichua ni kubadilisha. Maandishi yaliyotiwa ^M si yale yaliyotumwa. Tena mkaguzi mwenyewe aweza kupotosha: mtu akiandika kwa mkono wake alama ya ^ kisha M, cat -v itaionyesha sawasawa na ile iliyojificha, nawe hutajua ipi ni ipi.

Lakini hoja yao haisemi ni nani amwite huyo mkaguzi. Jirani yangu, mama mtu mzima, alifuata gawio lake katika chama kimoja cha akiba na mikopo. Karani akaliandika jina lake, mashine ikajibu kwamba hakuna. Akaambiwa, "Mama, wewe humo." Akarudi nyumbani. Alikwenda mara tatu, na mara ya tatu jina lake lilionekana kwa macho katika orodha iliyobandikwa ukutani! Hapo kijana mmoja wa ofisini akaipitisha orodha katika cat -v. Kati ya jina la mama na la baba yake palitokea M-BM-, yaani nafasi ya namna nyingine, ile isiyoruhusu mstari kukatika, iliyoingia orodha iliponakiliwa kutoka waraka mwingine. Kwa jicho ni nafasi tu. Kwa mashine ni jina la mtu mwingine.

Nani alikosa hapo? Mashine ililinganisha kwa uaminifu. Aliyenakili hakuona kitu, kwa kuwa hapakuwa na cha kuonekana. Karani naye alisoma alichopewa. Hata hivyo simwachilii karani. Kusema "sijamwona" ni kueleza hali ya macho yako. Kusema "hayumo" ni kutoa hukumu, na mwenye kutoa hukumu ndiye anayepaswa kumwita mkaguzi kwanza. Mama yule asingeweza kumwita. Hakujua hata kwamba yupo.

Yule kijana, nafurahi kusema, hakuiacha orodha na alama zile za ajabu. Alitazama tu, kisha akaifuta nafasi ile katika orodha yenyewe na kuweka ya kawaida. Mama akalipwa alasiri ile ile. Nauli ya safari mbili za bure hakuna aliyeitaja.