Uzima Hauulizwi kwa Mmoja

Yai lisilo ufa ni zima. Mkate usiomegwa ni mzima. Siku iliyotimia ni nzima, aliyepevuka ni mtu mzima, na asiyeugua naye huitwa mzima. Afya na siha, maneno yaliyopokewa kutoka Kiarabu, aghalabu hutajwa kwa mwili. Uzima, neno la Kibantu, huuliza zaidi: je, kuna kilichopungua?

Swali hilo lina mahali pa kupimiwa: Ipole, wilayani Sikonge, kusini mwa Tabora. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi walitoka huko na pembe mabegani hadi Bagamoyo, mkabala na Unguja. Hadi leo nchi hiyo ya miombo husifika kwa asali. Anayekohoa huilamba, na anayelamba hutaraji uzima.

Lakini mzinga wa jadi wa gome hupatikanaje? Mrina asali huchagua mti ulionyooka, akalibandua gome kuzunguka shina lote, akalifunga liwe kama pipa na kulitundika juu ya mti mwingine. Nyuki huingia, asali ikapatikana. Ule uliobanduliwa hukauka, kwa kuwa chakula kitengenezwacho na majani hakishuki tena mizizini. Maua ambayo nyuki wangeyaendea hayachanui tena.

Si haki mrina alaumiwe na aliyeshiba. Gome halinunuliwi, na mzinga wa ubao hutaka fedha. Mwenye mtoto mgonjwa haambiwi angoje msitu umshukuru. Na ubao nao hutoka mtini. Ila mti mmoja hutoa mbao za mizinga kadhaa, nayo hudumu miaka mingi, ilhali gome humaliza mti kwa mzinga mmoja. Basi asali ya gome yaweza kuwa afya ya kweli kwa mlaji, na bado isiwe uzima, maana imeacha pengo nyuma yake.

Salamu zenyewe zimelijua jambo hili zamani. Anayeulizwa "Mzima?" hujibu "Mzima," wala muulizaji hakomei hapo: "Na watoto? Na nyumbani?" Adabu haikubali uzima wa mmoja peke yake. Ipole, baada ya kuulizwa nyumbani, yafaa uulizwe na msitu.