Kaya Moja, Nyumba Tatu

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, msimu ambao mvua ilikatika mapema na mtama ukakauka kabla ya kutoa masuke, yaligawiwa mahindi ya msaada. Mgawo ulikuwa kwa kaya. Karani alipofika kwa baba yangu mkubwa aliuliza, "Mzee, hapa kuna kaya ngapi?" Akajibiwa, "Moja." Wake watatu, kila mmoja na watoto wake na wajukuu wake, wakapewa mgawo wa kaya moja. Tangu siku hiyo swali ambalo wengi huwaachia wanafunzi wa isimu, yaani kama umbo moja lenye maana mbili ni neno moja au ni maneno mawili, nimeshindwa kuliona kuwa swali la darasani.

Fasili ya kiserikali naipokea ilivyo: kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Sensa ya Agosti 2022, iliyotuhesabu Watanzania 61,741,120, ilipita kaya kwa kaya kwa maana hiyo, na sina ugomvi nayo. Lakini kwa Mgogo kaya ni boma zima la mtu mmoja: tembe lenye paa bapa la miti na udongo, limezunguka ua ambamo ng'ombe hulala, na juu ya paa hilo nafaka huanikwa. Ndani ya kaya kuna nyumba. Kila mke ana nyumba yake, na nyumba hiyo ina mafiga yake, shamba lake, akiba yake ya nafaka na ng'ombe waliotengwa kwa ajili ya wanawe. Jioni kwa baba mkubwa moshi hutoka mahali patatu. Kwa hiyo ile inayoitwa kaya katika daftari la karani, Kigogo kinaiita nyumba, au kitu kinachokaribiana sana na nyumba.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Ulaya neno gift kwa Mwingereza ni zawadi na kwa Mjerumani ni sumu. Kwa Mswidi ni sumu, na pia ni mtu aliye katika ndoa. Burro ni siagi kwa Mwitaliano na ni punda kwa Mhispania. Mifano hiyo miwili haifanani, ingawa mara nyingi hutajwa pamoja. Siagi na punda wamekutana kwa bahati tu, kila mmoja ametoka upande wake. Gift ya zawadi na gift ya sumu ni ndugu wa damu, zote zimetoka kwenye tendo la kutoa, hata kama mkono mmoja uliishia kutoa kinachoua. Kaya iko upande huu wa ndugu. Wasukuma na Wanyamwezi wanayo, kwa maana ya boma la mtu. Wazulu na Waxhosa wanasema ikhaya, nyumbani, na kitongoji cha Khayelitsha huko Cape Town maana yake ni makao mapya. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya kaya ni kijiji cha kale ndani ya msitu unaoheshimiwa, na mwaka 2008 misitu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Ni maneno ya ukoo mmoja, na hapo ndipo hatari ilipo. Anayesikia neno la kigeni kabisa huuliza maana yake, lakini anayesikia neno la nyumbani kwao hana sababu ya kuuliza.

Sasa niseme juu ya hoja inayoninyima usingizi. Nimeisikia kwa karani, nikaisikia kwa watu waliosoma kumzidi, na kila mara ilitolewa kwa utulivu wa mtu aliyemaliza mjadala: "Lakini mzee alisema mwenyewe kaya moja. Neno ni lake."

Neno si lake. Alichotamka baba mkubwa ni "moja," basi. Kaya ilitamkwa na karani. Angejibu kwa Kigogo angesema "imonga," na pengine karani angeshtuka na kukumbuka yuko wapi. Lakini alijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, kwa sababu aliulizwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo katika mazungumzo yale mtu mmoja alileta sauti na mwingine akaleta maana, kisha yule aliyeleta sauti akamshika mwenzake kwa maana ambayo mwenzake hakuwahi kuwa nayo. Anayetaka kumfunga mtu kwa kauli yake ana wajibu wa kwanza kuonyesha kwamba kauli hiyo ilitoka kwa huyo mtu.

Hapo huniambia, "Fasili ilikuwa imeandikwa kwenye mwongozo." Iliandikwa, ndiyo, katika mwongozo uliokuwa mkobani mwa karani. Maana iliyofungiwa mkobani inamfunga mwenye mkoba. Kisha huja jibu la mwisho, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote: "Kiswahili ni lugha ya taifa, asiyejua maana sanifu ajifunze." Baba mkubwa anakijua Kiswahili. Ameuza karanga Kongwa na ng'ombe mnadani kwa Kiswahili maisha yake yote. Na hicho Kiswahili sanifu kina tarehe: kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kiliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wake. Hakuna Mgogo aliyehitaji kikao hicho ili ajue kaya ni nini. Neno lililokuwa kinywani mwa bibi yake linamrudia likiwa na muhuri, naye anaambiwa kwamba ndiye aliyekosea kulitumia.

Kuna hoja za haki zaidi. Taifa haliwezi kuhesabu watu bila kipimo kimoja, na hilo ni kweli. Muktadha mara nyingi huondoa utata, na hilo pia ni kweli, ila siku ile haukuuondoa.

Nikilifikiria hili mawazo hunirudisha kwa Mwalimu Nyerere na Shakespeare. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi, nayo ikaitwa Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno tulilolipata kwa Wahindi wa Kigujarati, na kwao ni mfanyabiashara tu, mtu wa duka na mizigo. Kwetu siasa ililichukua likawa jina la mnyonyaji. Basi Antonio, ambaye katika mchezo ule ndiye anayeweka rehani nyama ya mwili wake kwa ajili ya rafiki, anatufikia akiwa na jina la adui wa Azimio. Je, kuna mtu anayeweza kusema maana ipi kati ya hizo ndiyo halisi? Mwenye duka wa Dodoma mjini, wa ukoo wa Kigujarati, aliyeitwa bepari katika miaka ile, alisikia neno la babu yake likimjia kama shtaka. Sijui kama kuna kamusi ingemsaidia.

Kwa baba mkubwa kosa lilisahihishwa. Mgawo uliofuata tulimweleza: mzee, karani akiuliza, sema tatu. Alikataa, tukamsihi kwa sababu ya wajukuu, na mwishoni akasema. "Tatu." Mke mkubwa alikuwa ameketi hapo karibu, akapukuchua mahindi kidogo kisha akamuuliza mbele yetu sote, "Kaya yako imevunjika lini?" Maana kwa Kigogo hilo ndilo mzee alilosema: kwamba boma limegawanyika, kwamba kila nyumba sasa inajitegemea na haina tena mkuu mmoja. Mwanamume hutamka hivyo baada ya ugomvi mzito, na akishatamka hakurudishiki.

Daftari sasa liko sawa na mahindi yamefika. Lakini siwezi kusema ni siku ipi kati ya hizo mbili mzee alisema kweli. Siku ya kwanza alikuwa mkweli kwa wake zake na akawapunja wajukuu, siku ya pili ikawa kinyume chake, na aliyemlazimisha kuchagua alitumia neno moja siku zote mbili. Wanawe wakubwa wameanza kuulizana juu ya ng'ombe.