Nilivuta

Shangazi yangu alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, walimwita bubu, ilhali alikuwa na maneno kuliko sisi wote. Yalikaa mikononi tu. Ramadhani ikiingia, usiku alijifunga uzi wa katani kwenye kidole gumba cha mguu, akaupitisha kwenye nondo za dirisha mpaka uani, ncha ikaning'inia karibu na jiko. Wapiga ngoma wa daku wakipita, kazi yangu mimi, mtoto wa miaka tisa, ilikuwa kuuvuta.

Usiku mmoja nikauvuta, ukakaza, nikaridhika, nikarudi kwenye wali wangu. Kumbe uzi ulikuwa umenasa kwenye msumari wa fremu. Shangazi aliamka jua limeshatoka, akafunga na tumbo tupu. Alipokuja kuniuliza nilimjibu kwa mikono yote miwili: nilivuta. Na kweli nilivuta.

Leo mimi ni fundi umeme Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu kubwa ni mifumo ya kengele za moto. Mwezi uliopita tulikuwa tunafunga strobu, zile taa za kumweka, katika hoteli moja ya ghorofa tisa. Meneja akaja, akazihesabu kwenye michoro, akaniuliza: "Fundi, kwani hapa watalala viziwi wangapi?" Nikamwambia king'ora hakimfikii kiziwi, wala mzee aliyevua kifaa chake cha kusikia akakiweka mezani kabla ya kulala. Akasema, "Basi si king'ora kimelia? Sisi tumeshatimiza."

Jibu lile lilinifuata mpaka msikitini. Baada ya isha nikamuuliza ustadhi: mwonyaji akishapaza sauti, deni limemtoka? Akanijibu kama nilivyotarajia, kwamba Mtume hana juu yake ila kufikisha, na jambo hilo limerudiwa mara nyingi ndani ya Kurani. Sina ubishi. Lakini nililala nalo hilo neno, kufikisha. Kwa Kiarabu ni balagh, na asili yake ni kufika. Sisi Waswahili tunalo tawi la mzizi huohuo: kubaleghe. Mtoto habaleghe kwa kutangaziwa kwamba amebaleghe. Na Kiswahili chenyewe kimeshakata shauri, kwa kuwa hatusemi Mtume alituma ujumbe, tunasema aliufikisha. Kutuma naweza peke yangu. Kufikisha kunamhitaji mwenzangu awe ameguswa.

Ipo hadithi katika Musnad ya Imamu Ahmad, kutoka kwa Aswad bin Sarii, kwamba siku ya Kiyama watu wanne watatoa udhuru. Mmoja ni kiziwi, atakayesema Uislamu ulikuja naye hakusikia kitu. Hafokewi. Yeye na wenzake wanapewa mtihani wao palepale, na mtihani wenyewe, ajabu, ni kuamriwa waingie motoni, ambao kwa mtiifu unakuwa baridi na salama. Mimi si mwanachuoni, ila nashika hili moja: Mola hamhesabu kiziwi yule kuwa amefikiwa eti kwa sababu mjini mlihubiriwa. Itakuwaje meneja amhesabu?

Ustadhi alinipinga vizuri. Alisema, ukienda hivyo hakuna atakayetoka denini, maana huwezi kuingia katika moyo wa kila mtu. Kweli. Lakini mimi sizungumzii moyo, nazungumzia jicho. Kanuni ya NFPA 72 ya Marekani, iliyofuatwa na michoro yetu, inakwenda mpaka kwenye mto wa kulalia: katika chumba cha kulala taa isiwe mbali na mto zaidi ya mita 4.9, iwe na kandela 110, na ikikaribia dari kwa chini ya milimita 610, kandela 177, kwa sababu moshi hutanda juu kwanza. Imweke mara moja hadi mbili kwa sekunde, isizidi, maana mmweko wa haraka unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Ndiyo maana pia taa nyingi zinazoonekana pamoja lazima zimweke kwa pigo moja. Mwanga ukishafika machoni, kuinuka ni juu ya mwenye macho. Hapo nakubaliana na ustadhi.

Ninachoogopa ni kudhani umefika. Laini ya strobu ikiwa kimya, paneli inayoongoza kengele hupitisha humo umeme mdogo kwa mwelekeo wa kinyume. Taa zinauzuia, rizista iliyofungwa mwisho wa laini inaupitisha, paneli ikiuona umerudi inawasha kijani: kila kitu sawa. Moto ukitokea, inageuza mwelekeo, taa zinamweka. Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na chumba kando ya korido. Kwa uvivu sikuupeleka waya ukaingia na kutoka. Niliunganisha tawi katikati ya laini. Baadaye skrubu ya wafunga dari ikalikata. Paneli ikabaki kijani, kwa vile rizista haikuwa kwenye tawi lile. Siku ya majaribio taa zote zikamweka, isipokuwa moja. Fomeni aliponitazama nilimwambia, "Lakini paneli inaonyesha sawa." Nilijisikia nikisema nilivuta.

Na hata waya mzima unachoka njiani. Betri ikielekea kuisha inabaki na volti 20.4. Mita 120 za kebo ya milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, zikibeba ampea 1.2, zinakula kama volti 3.5. Taa ya mwisho inapata karibu 17, na ikishuka chini ya 16 hatuna dhamana nayo. Mgeni wa mwisho koridoni analala juu ya volti isiyotimia moja. Hesabu hii huwa naifanya kwa kalamu, hata pale programu imeshaifanya.

Shangazi hakunigombeza siku ile. Alibadilisha utaratibu tu: nikivuta, naye anavuta mara mbili kwa mguu, na mimi sigusi chakula mpaka uzi umenirudia mkononi.

Pale hotelini, laini ya ghorofa ya tisa ilipokamilika, nilikwenda chumba cha mwisho, nikafunga pazia, nikajaza pamba masikioni, nikalala nimegeukia ukutani. Dogo, msaidizi wangu, alikuwa chini kwenye paneli. Ukuta ukawa mweupe, ukawa mweusi, ukawa mweupe tena. Nikampigia simu. Alijua haruhusiwi kuondoka pale mpaka nimpigie.