Asiye na Kaburi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye bara na bahari ni milki yake. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, tarehe 12 Februari 1944 merikebu iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kupeleka askari Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu kiasi ya 1,300, na wengi katika hao ni vijana wetu wa Afrika ya Mashariki, askari wa mizinga. Majina ya wengi wao yameandikwa katika ukumbusho uliopo makaburi ya vita ya Nairobi. Majina yapo, miili haipo.

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, mtaani petu alikuwako kikongwe ambaye mwanawe alikuwa katika merikebu ile. Alipata khabari ya kuwa mwanawe amepotea baharini, na hatta baada ya miaka zaidi ya thalathini mlango wake ulikuwa haukomewi usiku. Kila Ijumaa akija barazani kwa mwalimu wetu, akiuliza mambo yale yale matatu: “Mwanangu hana kaburi, ataulizwa wapi? Ameliwa na samaki, atafufuliwaje? Na mbona hakusaliwa?” Mwalimu akimjibu kila mara kama kwamba hajapata kuulizwa. Leo nami huulizwa na wenye msiba kama ule, kwani bahari haijaacha kuchukua watu.

Ama la kwanza, jueni ya kuwa kaburi katika maneno ya wanavyuoni si shimo la mchanga tu. Ni makazi ya Barzakhi, baina ya kufa na kufufuliwa. Aliyezikwa, na aliyegharikika, na aliyeliwa na mnyama, wote hufikiwa na maswali, na neema au adhabu. Wala Munkar na Nakir hawahitaji kuonyeshwa njia.

Ama la pili, wamepokea Bukhari na Muslim kisa cha mtu wa umma zilizotangulia, aliyeogopa dhambi zake hatta akawausia wanawe wamchome moto akifa, kisha majivu yake wayatupe, mengine barani na mengine baharini. Wakafanya. Mwenyezi Mungu akaamrisha bara na bahari, kila moja ikakusanya kilichomo ndani yake, mara yule mtu akasimama mzima, akaulizwa sababu ya kufanya vile. Akajibu kuwa ni kwa kumwogopa Mola wake, naye akamsamehe. Basi aliyekusanya majivu, atashindwa na kijana aliyezama na nguo zake?

Ama la tatu, hapa yatupasa kusema kweli, tusimpumbaze mwenye huzuni. Kauli itegemewayo katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, naye Imamu Nawawi ameitaja katika Minhaj, ni kuwa kuoshwa maiti au kutayamamishwa ni sharti ya kusaliwa. Asiyewezekana kutolewa akaoshwa, hasaliwi. Lakini baadhi ya wanavyuoni wa Kishafii waliokuja baadaye wamesema asaliwe, kwani liwezekanalo haliondoki kwa sababu ya lisilowezekana, na makusudio ya sala ile ni kumwombea maiti. Mwenye kuifuata kauli hii halaumiwi.

Mwalimu wetu alimwambia yule mama kauli zote mbili. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Kumbe walioacha kumsalia hawakumdharau?” Mwalimu akamwambia: “La, mama. Wameihishimu sharti. Na dua haina sharti ya maji.” Ijumaa ya pili yake, baada ya sala, alitusimamisha safu, tukamsalia ghaibu yule kijana. Nilisikia kwa jirani zake ya kuwa usiku ule aliukomea mlango.

Tena Bwana Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa kugharikika katika mashahidi. Huyu ni shahidi wa akhera. Hatumkatii mtu mmoja khabari ya Pepo, kwani siri za nia ni za Mola wake. Ila twamtarajia kheri, na kutaraji ni haki ya mama.

Basi enyi ndugu, nawausia mambo mawili. Kwanza, aliyepotea na mauti yake hayajathubutu, msigawe mali yake wala msimwoze mkewe kwa uvumi; nendeni kwa kadhi, asikize ushahidi na kuhukumu. Wala msipeleke fedha kwa wapiga ramli, kwani watawauzia tumaini la uwongo kila mwezi. Pili, msiwaache wenye msiba usio na kaburi wakakaa peke yao. Jirani wa aliyezikwa huitwa mazikoni. Jirani wa aliyepotea haitwi na mtu, naye ndiye awajibikiwaye zaidi kwenda. Someni khitma, toeni sadaka kwa niaba yake, mtajeni kwa jina lake.

Ewe Mola, uliye mjuzi wa kila kilichomo gizani mwa bahari, warehemu waja wako tusiowajua walipo, nawe wawajua. Uwatie subira wazazi wao, utukusanye nao katika rehema yako. Amin.

Wallahu aalam.